Usiku wa Kwanza Mjini Leh

Usafiri wa ndege umefupisha mwendo, lakini haukufupisha muda ambao mwili wa mwanadamu unauhitaji ili kuizoea hali mpya. Tofauti hiyo baina ya kasi ya chombo na kasi ya mwili huwatia wasafiri wengi hatarini pasipo wao kujua. Mahali pamoja panapoidhihirisha vizuri ni Leh, mji mkubwa wa Ladakh, kaskazini kabisa mwa India. Msafiri afikaye huko kwa ndege akalala usiku mmoja au miwili bila kufanya lolote huhesabiwa na wengi kuwa amepoteza wakati na fedha. Hesabu hiyo ni potofu, na sayansi inayofundishwa katika shule za sekondari yatosha kuonyesha upotofu wake.

Leh imejengwa kando ya bonde la mto Indus, kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Milima ya Himalaya huzizuia pepo za msimu zitokazo Bahari ya Hindi. Mawingu humwaga mvua upande wa kusini wa milima, na Leh ikaambulia takriban milimita 100 tu za mvua na theluji kwa mwaka. Kwa hiyo hilo ni jangwa, ingawa ni jangwa la baridi. Shayiri na mboga hustawi pale tu maji ya theluji iyeyukayo yanapofikishwa kwa mifereji.

Ndege huondoka Delhi, mji ulioko mita 200 na kidogo juu ya usawa wa bahari, ikatua Leh baada ya muda wa saa moja na kitu. Msafiri aliyekunywa chai ya alfajiri katika nchi tambarare huwa amepanda zaidi ya mita 3,000 kabla ya adhuhuri, hali ameketi kitini. Miguu yake haikuchoka, na kwa sababu hiyo hudhani kwamba mwili wake haukufanyiwa jambo lolote.

Wanafunzi wengi husema kwamba huko juu oksijeni imepungua katika hewa. Kauli hiyo yahitaji kusahihishwa. Hewa ya Leh ina oksijeni asilimia 21, sawasawa na hewa ya Tanga au Mombasa. Kilichopungua ni kanieneo ya hewa nzima. Pwani, hewa huisukuma zebaki katika kipimahewa hadi milimita 760. Leh huifikisha karibu milimita 500 tu. Mwanafunzi akitafuta asilimia 21 ya kila kiasi ataona kwamba kanieneo ya oksijeni ni kiasi cha milimita 160 pwani, na 105 Leh. Kila pumzi, basi, huleta kama theluthi mbili tu za oksijeni iliyozoewa. Kwa sababu hiyo hiyo ya kanieneo, maji huko huchemka yafikapo nyuzi 88 hivi za Sentigredi, na maharage hukawia kuiva.

Je, mwili hufanyaje? Shingoni, kando ya mishipa mikubwa ipelekayo damu kichwani, mna viungo vidogo sana vinavyopima oksijeni iliyomo katika damu. Vikihisi upungufu, huamuru pumzi ziongezeke. Lakini kuhema kwingi huondoa pia kaboni dayoksaidi, gesi ambayo ikiyeyuka katika damu hufanya asidi. Asidi hiyo ikipungua, damu huelekea upande wa alkali, na ubongo nao huamuru pumzi zipunguzwe. Amri mbili zinapingana, na usingizini ndipo mvutano wake unapoonekana wazi. Aliyelala huvuta pumzi nzito mara kadhaa, kisha hunyamaza kwa sekunde kadhaa kama aliyesahau kupumua, kisha huanza tena, pengine kwa kushtuka. Oksijeni katika damu yake huwa chini kuliko ilivyokuwa mchana.

Wasuluhishi wa ugomvi huo ni figo. Huitoa alkali iliyozidi kwa njia ya mkojo, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Chembe nyekundu za damu nazo huongezeka, lakini hizo huhitaji majuma. Hakuna bidii wala ujasiri wa msafiri uwezao kuziharakisha figo zake.

Dalili za ugonjwa wa mwinuko, yaani kuumwa kichwa, kichefuchefu, uchovu na kukosa usingizi, kwa kawaida huanza baina ya saa 6 na 12 baada ya kuwasili. Maana yake ni kwamba aliyetua asubuhi akiwa mzima hupatwa na ugonjwa jioni au usiku wa kwanza. Akitulia, mara nyingi hupona. Lakini akizidi kupanda, maji yaweza kujaa katika mapafu au ubongo ukavimba, na hali zote mbili huua. Mafunzo haya yalipatikana kwa gharama kubwa. Katika vita vya mpakani baina ya India na China mwaka 1962, askari wengi walipandishwa milimani kwa haraka. Mwaka 1965 daktari N. D. Menon alieleza habari za wagonjwa 101 waliojaa maji mapafuni kwa sababu ya mwinuko, na mwaka 1969 Inder Singh na wenzake walitoa taarifa juu ya askari 1,925 waliougua. Hao hawakuwa wazee wala wanyonge.

Tiba iliyo bora ni kushuka, na hapo ndipo Leh inapokuwa mtego. Barabara kuu mbili zitokazo mjini, ya Srinagar na ya Manali, hupita kwanza kwenye vipito vya mlima vilivyo juu kuliko mji wenyewe. Cha Taglang La, katika njia ya Manali, kimezidi mita 5,300. Ndege nazo huruka zaidi asubuhi, kwa kuwa alasiri upepo huwa mkali na hewa iliyopata joto huwa nyepesi mno kuzibeba vizuri. Mgonjwa wa usiku wa manane, basi, hutegemea oksijeni ya hospitali ya mji hadi kupambazuke.

Jangwa huongeza hatari nyingine. Hewa kavu na nyepesi haina mvuke wa kutosha kulizuia joto la ardhi lisipotee angani, hivyo jua likichwa baridi huingia upesi; katika kipupwe vipimo hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Mgeni hushawishika kufunga madirisha yote na kuwasha moto wa makaa chumbani. Moto huo hutoa kaboni monoksaidi, gesi inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu iliyokwisha kupungukiwa na oksijeni hunyang'anywa hata ile ndogo iliyobaki. Pombe na vidonge vya usingizi navyo havifai, kwa maana hupunguza pumzi.

Wapo wasemao kwamba kijana mwenye afya hahitaji tahadhari hizi. Ukweli ni kwamba wepesi wa mwili haumkingi mtu. Humponza, kwa sababu humwezesha kupanda haraka mno. Wengine huwatazama wenyeji wanaobeba mizigo pasipo kuhema, wakataka kuwaiga. Lakini mwaka 2010 wataalamu walionyesha kwamba Watibeti, jirani na ndugu wa watu wa Ladakh, wana urithi maalumu katika jeni iitwayo EPAS1, uliojengeka kwa vizazi vingi. Urithi huo haupatikani kwa tikiti ya ndege. Ipo pia dawa, asetazolamidi, inayozihimiza figo kutoa alkali. Hiyo ni ya kuamuliwa na daktari, na haiondoi haja ya kupumzika.

Mambo haya yanaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Katika njia ya Marangu ya Kilimanjaro, kituo cha Horombo kiko kiasi cha mita 3,700, juu kuliko Leh, na baina yake na kituo cha Kibo kuna jangwa la mlimani lenye mawe, vumbi na baridi kali ya usiku. Waongozaji husema "pole pole", na neno hilo lina elimu kubwa ya figo na mapafu ndani yake. Hata hivyo, usiku wa ziada pale Horombo, unaompa mpandaji nafasi ya kuzoea, mara nyingi huachwa ili kupunguza gharama. Usiku huo wastahili kuwa sehemu ya kawaida ya kila safari, kwa wageni na kwa wapagazi pia, wala usiwe anasa ya wenye uwezo.

Mwalimu wa fizikia hufundisha kanieneo kwa mrija wa zebaki. Wa kemia hufundisha asidi na alkali kwa karatasi ya litimasi. Wa biolojia hufundisha figo kwa mchoro ubaoni. Mwanafunzi hufaulu mitihani mitatu bila kutambua kwamba amesomeshwa habari moja. Walimu hao wakikutana katika swali moja tu, kwa nini msafiri hana budi kulala Leh kabla ya kuendelea, watakuwa wamewapa vijana kitu zaidi ya alama. Anayeijua sababu hiyo hahitaji kuamriwa apumzike, wala haoni haya kumwambia mwenzake aumwaye kichwa mlimani kwamba leo safari inakoma hapa.