Tuiite sumukuvu kwa jina lake

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Kwetu sisi Wakenya, ambao hatuhesabu kuwa tumekula mpaka tumekula mahindi, kitulacho aghalabu kimo ndani ya gunia letu wenyewe.

Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliripotiwa kuugua baada ya kula mahindi yenye sumu. Kati yao 125 walifariki. Haikuwa mara ya kwanza, kwani Makueni ilikuwa imezika watu kwa sababu iyo hiyo mwaka 1981. Wataalamu huiita sumu hiyo aflatoksini. Hutokana na kuvu inayoota juu ya mahindi na njugu zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Kwa wingi huua ini kwa siku chache. Kwa uchache, mwaka baada ya mwaka, huleta saratani ya ini.

Hoja yangu leo ni ya lugha, lakini ni hoja ya uhai pia. Nyumbani twasema mahindi "yameoza", "yamevunda", au, tukitaka kuyatetea, "yameharibika kidogo". Maneno haya yote yanahusu kile ambacho jicho huona na pua hunusa. Yanatufanya tuamini kwamba tukichambua punje nyeusi, tukaosha na kuchemsha sana, hatari imekwisha. Sivyo. Sumu hii haina rangi wala harufu ambayo mpishi angeitambua, na punje inayoonekana safi yaweza kuwa nayo. Isitoshe, huhimili joto la zaidi ya nyuzi 200, ilhali maji ya sufuria huchemka kwa nyuzi 100 tu. Githeri iliyotokota kutwa nzima bado yaweza kuua. Kuchambua kunasaidia, na kukoboa kama wafanyavyo Wakamba katika kuandaa muthokoi hupunguza sehemu ya sumu, lakini hakuimalizi.

Wenzetu wa Tanzania wamekwisha kuipa sumu hii jina zuri: sumukuvu. Ni nomino ambatani ya kawaida, iliyoundwa kama batamzinga au mwanasheria, na mtoto wa darasa la nne aweza kuifumbua bila kamusi: sumu itokanayo na kuvu. Jina hilo lina mafunzo ndani yake. Linamwambia mpishi kwamba tatizo si ladha mbaya bali ni sumu, na linamwonyesha chanzo chake. Neno "aflatoksini" halimwambii lolote asiyesoma sayansi. Hata hivyo, shuleni kwetu kilimo na sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi aliyepata alama zote katika mtihani hurudi nyumbani bila neno la kumweleza nyanya yake kwa nini gunia lile lisiguswe.

Wako watakaosema kwamba mwenye njaa hali msamiati, na kwamba watu hula mahindi mabovu kwa kukosa mengine. Siwezi kuupuuza ukweli huo. Njaa ni mwalimu mkali. Lakini uchunguzi wa mkasa wa 2004 ulionyesha kwamba mahindi mengi yaliyoua yalikuwa ya shamba la familia yenyewe, yakawekwa ndani ya nyumba kabla ya kukauka. Hapo maarifa yangeokoa watu.

Na maarifa yenyewe si mazito. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Asiye na kipimo atie mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, aitikise, kisha aiache itulie. Chumvi ikishika kuta za chupa, mahindi hayajakauka. Magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Mahindi yaliyoota kuvu asipewe kuku wala ng'ombe, kwani sumu aliyoila ng'ombe hutokea katika maziwa, nasi tukayatia katika chai ya watoto.

Ndugu walimu, nanyi wanafunzi, shule za bweni hununua mahindi kwa magunia mengi na kuyaweka ghalani muhula mzima. Mwalimu wa Kiswahili na aandikishe insha juu ya sumukuvu. Mwalimu wa sayansi na alitaje jina hilo kando ya lile la Kiingereza. Wanafunzi na waruhusiwe kuingia ghalani na chupa yao ya chumvi, wala mkuu wa shule asione kwamba amevunjiwa heshima. Afadhali gunia moja likataliwe mlangoni kuliko jina moja kufutwa katika orodha ya darasa.