Siki Inatosha: Acheni Kumbebesha Bibi Harusi Ndoo ya Chupa



Leo nina ugomvi, na ugomvi wangu ni na ile ndoo. Mnaijua. Ndoo ya plastiki iliyofungwa utepe, anayopewa bibi harusi siku ya kufundwa, ndani mna chupa saba nane za kusafishia: ya vioo, ya vigae, ya choo, ya jiko, ya kunukisha, na moja ambayo hata aliyeinunua hajui ni ya nini. Vigelegele vinapigwa. Bibi harusi anaondoka akiamini nyumba haisafiki bila ya zile rangi, na miezi miwili baadae anamwambia mume “dawa ya vioo imekwisha” kwa sauti ile ile ya kusema unga umekwisha.

Nasema wazi: kwa madirisha, chupa hiyo huihitaji. Siki nyeupe inatosha. Siki hii hii unayotilia achari na kachumbari.

Mimi kazi yangu ni mapazia. Nilipomaliza skuli nilisomea ushoni, na sasa siku nyingi za wiki nimo majumbani mwa watu napima madirisha na kutundika. Hakuna anayeliona dirisha la mtu kwa karibu kama fundi wa pazia. Nasimama juu ya kiti, pua imegusa kioo. Na ninachokiona katika nyumba zenye chupa nyingi ni michirizi. Unafungua pazia jipya la gharama, jua la asubuhi linaingia, na kioo kina mawingu.

Sababu si uvivu wa mwenye nyumba. Kioo cha kisiwani kinachafuliwa na vitu vyetu wenyewe. Kwanza chumvi. Anayekaa Malindi au Shangani anajua upepo wa Kaskazi unavyoleta unyevu wa bahari mpaka ndani ya nondo. Chumvi haitaki dawa yoyote, inataka maji tu. Ukiipulizia dawa na kuisugua ikiwa kavu unaisambaza, na mchanga ulionasa humo unakwaruza kioo. Pili, na hapa ndipo penye kazi, ni ukoga mweupe wa maji. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vingi yana chokaa. Tone linakauka, maji yanaondoka, chokaa inabaki. Ndiyo ile ile inayoganda ndani ya birika. Sabuni haiitoi. Ile dawa ya buluu inapita juu yake, inang’arisha kidogo ikiwa mbichi, kisha ikikauka madoa yanarudi pale pale. Buluu yenyewe haisafishi kitu, ni rangi tu. Chokaa inayeyushwa na kitu kikali cha asidi, na siki ya dukani ni hiyo: maji yenye asidi kiasi cha asilimia 5.

Kwa dirisha la kila wiki, kikombe kimoja cha siki kwa vikombe vitatu vya maji. Maana yake chupa ya nusu lita inakupa lita mbili. Nenda dukani, weka chupa mbili mbele yako, ya siki na ya dawa ya vioo, ufanye hesabu mwenyewe. Mimi sitakutajia bei, bei zinabadilika kila nikienda Darajani. Kioo chenye ukoga wa siku nyingi, siki na maji nusu kwa nusu: rowesha kitambaa, kibandike juu ya doa dakika kumi, ndipo usugue na usuuze. Ukoga wa miaka hautoki siku moja, rudia. Dirisha la jikoni lenye mafuta ya kukaangia, anza na maji ya vuguvugu na sabuni, kwa sababu mafuta hayaogopi siki.

Na kitambaa! Hapa ni kazini kwangu. Msifutie kioo kipande cha poliesta, hakinywi maji, kinayasukuma tu. Chukua kanga ya pamba iliyofuliwa mpaka imelainika, ile unayoona haya kuivaa hata uani. Imeshatoa manyoya yote. Moja ya kuoshea, nyengine kavu ya kumalizia. Gazeti kuukuu pia ni zuri, bibi zetu hawakukosea, ila litakuachia wino kwenye fremu nyeupe.

Sasa naingia kwa wanaonibishia.

Wa kwanza wanasema siki inanuka, nyumba itakuwa kama bakuli la kachumbari. Inanuka, ndiyo, mpaka ikauke. Fungua dirisha, si ndilo unalolisafisha? Harufu ikishatoka, choma udi wako. Mtu anayevumilia harufu ya dawa ya choo inayowasha macho, siki itamshinda kwa lipi?

Wa pili wananong’ona kuwa huu ni ubahili, na kuwa mgeni akiona siki kwenye kabati la usafi atadhani mume hana kitu. Hawa ndio wananiudhi hasa. Bibi harusi mdogo anaanza maisha, mume ana kibarua au duka dogo, na sisi watu wazima tunamfundisha kuwa heshima ya nyumba imo kwenye chupa yenye picha ya jiko la Ulaya. Kisha tunakaa kwenye darsa tunasikiliza habari za israfu na kutikisa vichwa. Israfu si karamu ya harusi tu. Kununua kila mwezi kitu usichokihitaji, kwa kuogopa macho ya shoga yako, nako ni israfu.

Wa tatu wana shaka ya dini, na shaka yao naiheshimu: si siki ni pombe iliyoharibika? Dada yangu, Mtume (s.a.w.) alikula mkate kwa siki na akaisifu kuwa ni kitoweo kizuri, Hadithi hiyo imepokewa kwa Jabir na imo katika Sahih Muslim. Ukiwa na wasiwasi na chupa fulani, soma lebo, umuulize shekhe wako. Lakini usiikatae siki yote kisha ukapulizia dawa ya vioo ambayo ukisoma lebo yake mara nyingi utaikuta alkoholi imeandikwa.

Jengine kwa mnaopenda sitara: majumba mengi siku hizi vioo vimebandikwa karatasi ya giza, aliye ndani anaona na aliye nje haoni. Baadhi ya dawa za vioo zina amonia, na amonia inaiharibu karatasi hiyo. Inachujuka, inafanya malengelenge, na ndani munaonekana. Hapo hata pazia langu la tabaka mbili halikusaidii mchana kutwa.

Lakini nina ugomvi wa pili, na huu ni na wenzangu, wapenzi wa vitu vya asili. Siki mmeifanya kama zamzam. Kila ujumbe wa simu: tia siki humu, changanya na hiki, pakaza kila mahali. Punguzeni, kwa sababu kuna inapodhuru.

Kubwa kuliko yote: siki na jiki havichanganywi. Si ndoo moja, si kitambaa kimoja, wala si kimoja juu ya chengine kabla hujasuuza. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaunguza koo na mapafu. Niliwahi kwenda nyumba moja kutundika pazia nikamkuta msichana wa kazi amekaa kwenye ngazi, machozi yanamtoka, anakohoa hawezi kusema. Alikuwa ameambiwa asafishe kidirisha cha choo kwa “mchanganyiko wa nguvu”. Choo chenyewe kidogo, mlango umefungwa ili harufu isiende ukumbini. Mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya. Aliusoma ujumbe, akautuma kwa wengine, akampa mtoto wa watu ndoo. Alhamdulillahi, alitolewa nje kwenye hewa na akapelekwa hospitali, akapona. Kwangu mimi aliyeleta kijana wa watu kutoka Pemba au bara kumfanyia kazi amebeba amana, na pafu lake ni sehemu ya amana hiyo. Ukipulizia jiki kwenye ukungu wa choo, siki iache siku hiyo. Na dawa ya vioo yenye amonia nayo haikutani na jiki, inatoa gesi yake nyengine mbaya.

Magadi ya kuokea na siki, ile povu mnayoipiga picha, haidhuru, ila haisaidii. Viwili vinauana. Povu likitulia umebaki na maji yenye chumvichumvi, na siki yako umeipoteza.

Kisha kuta. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na nimeshasema siki inafanya nini kwa chokaa. Haibagui. Inayeyusha doa la kwenye kioo na inakula plasta ya kingo ya dirisha kama ilivyokula doa. Marumaru hali kadhalika. Kwa hiyo usimimine wala usipulizie ukutani. Tia kwenye kitambaa, kamua, ufute kioo peke yake. Fremu ya mbao iliyopigwa vanishi ifute kwa kitambaa cha maji tu.

Mwisho kunguru. Wengi wetu visiwani ni Mashafi, na kwetu kinyesi cha ndege ni najisi, na najisi hutoharishwa kwa maji safi, si kwa siki hata iwe kali vipi. Kioo kitang’aa na bado hakijatoharika. Kwa hiyo kunguru akikuchafulia dirisha, kwangua, mwagia maji mpaka athari iondoke, ndipo uje na siki yako kwa ajili ya mng’aro. Na ukimaliza, subiri kioo na nondo zikauke kabisa kabla ya kurudisha pazia, maana nondo mbichi inaacha kutu, na kutu kwenye pazia jeupe sina dawa nayo.