Usingizi wa Pono

Mtu alalaye sana huambiwa kwamba ana usingizi wa pono. Neno hilo lina kweli ndani yake. Usiku pono hulala katika mapango ya mwamba, na pono wa aina nyingine hujifunika ute mwili mzima, kama mtu aliye ndani ya chandarua, wasipate kuumwa na wadudu wanyonyao damu. Mvuvi mwenye taa humchoma kwa mkuki pale pale alipolala. Lakini kumwita samaki huyo mvivu ni kumdhulumu.

Amtazamaye mchana ataona mengine. Meno ya pono yameshikamana yakawa kama mdomo wa kasuku. Kwa meno hayo huparua mwani mwambani kutwa, na mara nyingi humega na jiwe pamoja. Kooni anayo meno mengine ya kusagia. Mwani huwa chakula chake, na jiwe hutoka likiwa mchanga mweupe. Basi sehemu ya mchanga ambao watoto huuchezea pwani ni kazi ya pono.

Faida yake kubwa zaidi ni kusafisha mwamba, maana matumbawe ni viumbe hai, na yaliyo machanga hayapati pa kushika palipotanda mwani. Huko Jamaika pono walivuliwa hata wakawa haba. Tufani ya mwaka 1980 ilivunja matumbawe mengi. Kisha mwaka 1983 viumbe wa baharini wenye miiba mirefu, waliokuwa wakila mwani, walikufa kwa maradhi. Pono wa kushika kazi yao hawakutosha. Mwani ukaufunika mwamba. Nchi ya Belize, iliyo katika bahari hiyo hiyo, ilikataza kuvua pono mwaka 2009.

Mvuvi atauliza, "Watoto wangu watakula nini?" Swali lake ni la haki, wala si lazima kila pwani ifuate sheria ya Belize. Lakini mwamba ukifa, changu na chewa nao hukosa makao, na watoto wale wale hukosa kitoweo. Kwa hiyo yafaa pono avuliwe kwa kiasi, nyavu za macho madogo ziachwe, wala asichomwe usiku kwa taa. Afanyaye kazi mchana kutwa astahili kuachiwa usingizi wake.