Filamu ya Mahakama, Lakini Boda Aongee

Mpenzi yeyote wa sinema za kitambo atakusimulia hotuba ya Gregory Peck katika To Kill a Mockingbird (1962), wakili mzungu akimtetea Tom Robinson, mtu mweusi aliyesingiziwa ubakaji. Peck alipata Oscar. Na Tom? Alihukumiwa, kisha akapigwa risasi. Hata hatumwoni akifa, tunaletewa habari tu. Katika 12 Angry Men (1957), kijana anayeshtakiwa kwa mauaji anaonekana kidogo tu na hasemi neno. Wanaume kumi na wawili ndio wanaongea.

Sasa njoo huku kwetu Mlolongo.

Josephat Mwenda aliendesha boda. Mwaka 2015 afisa wa polisi alimpiga risasi mkononi, halafu aliyeshtakiwa akawa yeye! Ilikuwa rahisi kwa sababu sisi wenyewe tumekubali kwamba mtu wa boda ni mkora hadi athibitishe vingine. Marekani ubaguzi ulitazama ngozi. Hapa unatazama reflekta.

Mwenda hakunyamaza. Alilalamika, akapata wakili, Willie Kimani. Tarehe 23 Juni 2016 walitoka korti ya Mavoko kwa teksi ya Joseph Muiruri. Wakatekwa wote watatu. Miili yao ilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk.

Hapo ndipo filamu zile zinatuhadaa. Zinatuambia vita viko ndani ya chumba cha mahakama, na kwamba ukiongea vizuri utashinda. Mwenda alifika kortini. Hatari ilimngoja barabarani.

Utaniambia haki ilitendeka: mwaka 2022 Jaji Jessie Lessit aliwapata na hatia maafisa watatu na mtoa habari wao, na 2023 Fredrick Leliman akahukumiwa kifo. Sawa. Lakini mawakili waligomea korti na kuandamana kwa sababu mwenzao alikuwa ameuawa. Je, angepotea Mwenda peke yake, nani angeandamana? Mimi? Wewe? Hata leo tunasema "kesi ya Willie Kimani", na wale wawili tunawataja kama abiria wa habari ya mtu mwingine.

Kwa hivyo wewe uliye na kamera, usituletee Peck wa Mombasa Road. Anza na mtu wa boda, siku ile aliposimamishwa na polisi. Na mpe maneno.