Fela: stesheni ya pembezoni inayoweza kuifaa Buseresere

Pamoja na utajiri wake wote wa dhahabu, Mkoa wa Geita hauna hata kilomita moja ya reli. Mkazi wa Buseresere, wilayani Chato, anayetaka kupanda treni hulazimika kwenda Mwanza, ama kuteremka kusini hadi Isaka, karibu na Kahama. Kwa sababu hiyo, swali la stesheni ipi itawahudumia watu wa ukanda huo baada ya kukamilika kwa reli ya kisasa, SGR, ni zito kuliko linavyoonekana. Jibu lake huenda lisiwe Mwanza mjini, bali Fela.

Fela ni stesheni iliyoko wilayani Misungwi, nje kidogo ya Jiji la Mwanza, kwenye reli ya zamani itokayo Tabora. Reli hiyo ilijengwa na Waingereza na ikafika Mwanza mwaka 1928, miaka 14 baada ya ile ya Wajerumani kufika Kigoma. Njia yake ilifuata nchi ya pamba. Ilipita Shinyanga, Malampaka na Bukwimba, ikaiacha Geita ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza miaka ya 1930, mataruma yalikuwa yamekwisha kulazwa upande wa pili wa maji, na tawi la kuvuka huko halikujengwa. Dhahabu, tofauti na pamba, haihitaji mabehewa. Wanaoyahitaji ni watu wanaoishi juu yake.

Stesheni za aina ya Fela zilikuwa na kazi mbili kwenye reli hiyo ya njia moja: kupishanisha treni, na kupokea abiria wa vijiji vya jirani pamoja na magunia yao. Abiria wa daraja la tatu ndiye aliyekuwa mteja wake mkuu. Ndiye pia aliyeumia kila huduma ilipoyumba, kama ilivyotokea mwishoni mwa mwaka 2009, mafuriko yalipoisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe na kukata safari za kutoka Dar es Salaam.

Mambo mawili yameibadilisha hesabu hiyo. La kwanza ni reli mpya. Juni 14, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la kipande cha Mwanza hadi Isaka, chenye urefu wa kilomita 341 pamoja na njia za kupishania, na sherehe hiyo ilifanyika Fela. Mkataba wa kampuni mbili za Kichina, wenye thamani ya zaidi ya Sh trilioni 3, ulitaka kazi ikamilike kwa miezi 36. Miezi hiyo iliisha mwaka 2024 pasipo treni kupita.

La pili ni daraja. Kwa miaka mingi msafiri wa Buseresere, Katoro au Sengerema alitegemea vivuko vya Busisi na Kigongo, ambako foleni ya magari iliweza kula saa nyingi kuliko safari yenyewe ya majini. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, lilifunguliwa rasmi Juni 19, 2025. Barabara ya kutoka darajani huungana na ile ya Shinyanga pale Usagara, na Fela haiko mbali na hapo. Kwa abiria atokaye magharibi, kuingia hadi katikati ya jiji kufuata treni ni kulipita reli kisha kurudi nalo.

Hata hivyo, kuwa kando ya reli si sawa na kuhudumiwa. Tangu safari za SGR zilipoanza kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, stesheni ndogo za Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere zimehudumiwa na treni za kawaida, huku treni za haraka zilizoanzishwa Novemba mwaka huo zikizipita. Aidha, mzigo wa abiria katika treni hizo una kikomo cha uzito, sharti ambalo mchuuzi wa mchele aliyezoea behewa la zamani atalihisi mara moja. Kwa mchuuzi huyo reli ya zamani bado ina kazi, hata siku treni za umeme zitakapofika ziwani.

Ratiba itakapopangwa, basi, la kuangaliwa kwa Fela ni idadi ya treni zitakazosimama na saa zake. Treni ya usiku wa manane haina faida kwa mtu ambaye basi lake la mwisho la kuelekea Geita limekwisha kuondoka. La pili ni usafiri wa kati ya stesheni na Usagara, jambo ambalo halihitaji trilioni, bali leseni za njia na mahali pa kuegesha. Mabasi yatokayo Geita huelekea moja kwa moja stendi ya Nyegezi, na ni barabarani hapo Usagara, si stendi, ambapo abiria wa Buseresere atalazimika kushuka na mizigo yake kutafuta gari la Fela.