Pambo la Skuta na Haki ya Njia

Hapana ubaya kijana kukipenda chombo chake. Watu wa pwani tangu kale walitia nakshi omo na tezi za majahazi yao, na matatu za Eastlands zinajulikana nchi nzima kwa rangi na michoro yake. Basi mwenye skuta katika mtaa wa Mukuru kwa Reuben, jijini Nairobi, ambaye kila alfajiri huipangusa vumbi kabla hajanawa uso wake mwenyewe, hahitaji kumwomba mtu radhi. Mimi simo katika kundi la wazee wanaodhani kwamba kila kipya ni upotevu. Maksudi yangu ni kuwausia vijana, na mafundi wanaowahudumia, juu ya tamaa moja tu, nayo ni ile ya kuishusha skuta mpaka ikaribie ardhi na kuivika matairi mapana, pasipo kuiuliza njia itakayopitiwa kama imeridhia.

Mtindo huu una asili yake. Mwaka 2001 kampuni ya Honda ilitoa huko Japani skuta ndogo iitwayo Zoomer, ambayo Wamarekani waliijua kwa jina la Ruckus: injini ya sentimita za ujazo 49, fremu iliyo wazi, na matairi manene, la mbele milimita 120 na la nyuma 130, juu ya rimu za inchi 10. Vijana wa huko waliipenda, wakairefusha, wakaishusha, na picha zake zikasafiri hata zikafika katika simu za vijana wetu. Lakini picha haisafiri na barabara yake. Tena unene ule wa matairi ulitoka kiwandani pamoja na rimu zake na vipimo vyake, wala haukubuniwa jioni moja chini ya turubai.

Sasa tuitazame njia yetu. Mukuru kwa Reuben imekaa nyuma ya viwanda, kandokando ya Mto Ngong, juu ya udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka na masika hunata. Vichochoro vyake vina mitaro isiyofunikwa, mipira ya maji iliyotambaa juu ya ardhi, na matuta ambayo wenyeji huyajenga kwa mikono yao ili watoto wasikanyagwe. Ni kweli kwamba serikali ya kaunti iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, na baadhi ya njia zimekwisha kutiwa lami. Walakini mafuriko ya 2024 hayajasahauliwa, na hakuna aendeshaye skuta juu ya ramani.

Kazi ya shokabu ni kulipa gurudumu nafasi ya kupanda na kushuka, ili mwili wa chombo na mgongo wa mtu visishiriki kila shimo. Ukiweka shokabu fupi, au ukikata mizunguko ya springi kama wafanyavyo wenye haraka, umeipunguza nafasi hiyo, na springi iliyokatwa huwa ngumu kuliko ilivyokuwa, kwa kuwa waya uliobaki wa kupindika ni mfupi. Likija tuta, shokabu hufika mwisho wake, chuma hugonga chuma, na pigo lote hupokewa na rimu, fremu na kiuno cha aliyepanda. Gurudumu la inchi 10 lenyewe huzama katika shimo ambalo pikipiki ya boda aina ya Boxer, kwa rimu zake za inchi 17, hulivuka bila taabu. Nani basi mwenye akili atakayeiondolea skuta hata kile kidogo ilichojaliwa? Na aliyeshusha nyuma peke yake huinua taa ikawapofusha wajao, na usukani ukawa mzito kugeuka. Aliyeshusha mbele peke yake hupata usukani mwepesi kupita kiasi, unaotetemeka mwendo ukizidi.

Ama tairi pana, husemwa kwamba hushika njia zaidi. Hushika lilipopata rimu ya upana wake. Likibanwa juu ya rimu nyembamba, mashavu yake huingia ndani, mgongo hufanya duara, na sehemu inayogusa ardhi haikui kama macho yanavyodhani. Huongeza uzito, hula petroli, na likisogeleana na chuma cha pembeni hulika upande mmoja, kidogo kidogo, hata siku likapasuka.

Nawasikia wakisema, "Chombo ni changu, na fedha ni zangu." Naam, ila kiti cha nyuma si chako peke yako. Siku utakapompakia mama anayewahi zamu kiwandani, umepokea amana, na amana haina khiyari ya mapambo. Sheria ya Trafiki yenyewe, inayomtaka mwenye pikipiki avae kofia na asichukue zaidi ya abiria mmoja, imemhesabu abiria huyo kuwa ni nafsi, wala si mzigo.

Rangi pakeni. Kiti kishoneni kwa ngozi ya rangi mnayoipenda, vioo viwekeni viwili, na taa ziwe safi. Fundi wa jua kali ajuaye kuchomelea chuma kwa unyofu ana ilimu ambayo wengi hawanayo, na ningependa aitumie kuimarisha kibebeo cha mizigo au kuitengenezea stendi mguu mpana usiozama topeni. Na ikiwa moyo umekataa kabisa kuacha kushusha, basi kabla hujamlipa fundi, mwambie akae nyuma yako yeye mwenyewe, mwende polepole mpaka kwenye tuta lililo karibu, mrudi kwa njia ya mtaroni, kisha muiinamishe skuta mtazame chini yake: mkiona chuma kimekwaruzwa, au alama ya tairi mahali lisipopaswa kugusa, rudisheni springi za kiwandani siku hiyo hiyo, na fedha itakayosalia inunue kofia ya pili kwa ajili ya abiria.