UKURASA WA ELIMU: Kuzunguka Tena si Aibu

Mwezi huu tunawaletea habari ya ndege isiyotoka mezani.

Kwenye kompyuta ya darasa letu la jioni tuna programu ya Microsoft ya kuendesha ndege, ile ya mwaka 2003, iliyotolewa kuadhimisha miaka 100 tangu ndugu Wright waruke. Ndani yake kuna ndege za zamani. Vijana wameipenda sana DC-3, ndege ya abiria ya injini 2 za pangaboi, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1935. Kuipaisha ni rahisi. Kuishusha, we acha tu!

Shida iko wapi? Ndege nyingi za abiria za leo zina gurudumu chini ya pua. DC-3 haina. Ina magurudumu makubwa 2 chini ya mabawa na kagurudumu kadogo mkiani. Uzito wake umekaa nyuma ya yale makubwa, basi ikigusa chini imekaa upande kidogo tu, mkia unataka kupita mbele, kama mkokoteni unaosukumwa badala ya kuvutwa.

Tunatua Entebbe, Uganda, kando ya ziwa, maana njia yake ina zaidi ya kilomita 3. Tunafundisha hivi: punguza mwendo mapema, ungali mbali. Teremsha magurudumu, kisha flapu za mabawa kidogo kidogo. Usizidishe kupunguza, maana mwendo ukiisha mabawa hayabebi tena. Gusa kwa magurudumu makubwa kwanza, acha mkia ushuke taratibu, na uendelee kuinyoosha kwa usukani wa mkia mpaka isimame kabisa. Breki usizibane kwa nguvu, itapiga pua chini. Wengi huharibu hapo: wakigusa tu wanashangilia, mikono imeacha vibonye, kumbe ndege imeshageuka.

Kijana wetu mmoja alifeli mtihani mwaka jana akaacha shule. Jioni alikuwa anakuja kwa ajili ya ndege tu. Siku moja akakaribia uwanja akiwa juu mno na mbio mno. Zamani angelazimisha. Safari hii akaongeza moto, akapanda, akazunguka, akaja tena. Mara ya tatu ndipo akatua. Tukamwambia kwamba marubani wa kweli nao hufundishwa kuzunguka hivyo, wala si aibu.

Jumatatu iliyofuata tulimkuta mlangoni mwa darasa na daftari lake la zamani. Hatusemi ni ndege iliyomrudisha. Mama yake naye hakuchoka kumbembeleza.

Wazazi, mwenye mtoto aliyefeli asimfungie nyumbani kwa sababu ya kuona haya. Mleteni azunguke tena, nafasi ipo. Darasa la jioni ni Jumanne na Alhamisi, kama jua limechaji betri.

Tuonane mwezi ujao.